Sabina na Ngoma ya Majembe

Sabina Mashimba alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu jijini Mwanza, binti mnene, mcheshi, mpenzi wa chipsi mayai. Kutoka chumbani kwake Mkolani hadi darasani alipanda bodaboda. Jioni alijilaza na simu. Akienda likizo kwao Misungwi, mama yake alifurahi: "Mwanangu umenawiri! Chuo kimekukubali."

Muuguzi wa zahanati ya chuo, aliyempima presha aliporudi, hakufurahi. "Presha hii ni ya watu wazima, binti. Mwili wako unataka kazi."

Sabina hakulia. Kulipokucha alivaa raba, akamfuata Bushra, mwenzake wa chumbani, kukimbia. Hawakufika mbali, Sabina akaishiwa pumzi. Vijana wa kijiweni wakacheka.

"Chekeni tu," akawaambia huku akihema. "Mtanizoea."

Na walimzoea kweli, maana alirudi tena na tena. Ila kukimbia hakukumkaa moyoni.

Siku moja akiwa mtaa wa Mabatini akasikia ngoma. Kikundi cha bugobogobo, ngoma ya Kisukuma ichezwayo kwa majembe, kilikuwa mazoezini. Miguu yake ikaanza kuitikia yenyewe. Akamwendea kiongozi, mzee Mayala.

"Shikamoo. Naomba na mimi jembe."

"Marahaba. Utaliweza? Hapa ni kuruka na kuinama mpaka jasho likuingie machoni."

"Nimelima pamba tangu mdogo. Nipe."

Hakuliweza. Alilirusha, likamponyoka, wapiga ngoma wakatawanyika kama kuku. Akaliokota, akarusha tena. Aliendelea hivyo wiki hadi wiki, magoti yakiuma, nguo zikilowa, mpaka jembe likawa linazunguka hewani na kutua kiganjani mwake bila mdundo kukatika.

Chuo kilipofanya siku ya michezo, kikundi kikaalikwa, na Sabina akaongoza mstari. Uwanja mzima ulisimama. Mama yake, aliyekuja kumtazama, alimshika mashavu kwa wasiwasi.

"Mbona umepungua? Unaumwa?"

"Siumwi, mama. Kilo zimepungua chache tu, mimi bado ni Sabina yule yule mnene. Lakini presha imeshuka, na mlima wa Mkolani sasa naupanda kwa miguu huku naimba."

Mama akamtazama juu hadi chini. Mikono imekaza, macho yanang'aa. "Haya," akasema, "ilimradi unakula."

Kabla Sabina hajajibu, wanafunzi walikuwa wamemzunguka wakitaka kufundishwa.

"Jumatatu jioni, hapa hapa," Sabina akawaambia. "Anayeogopa jasho asije."

Jumatatu walikuja wengi kuliko majembe. Bushra alikuwa wa kwanza kwenye mstari.