Kitambaa Chekundu cha Kobe

Kiherehere changu kilianzia kwenye kitambaa chekundu. Nilikinunua sokoni Ifakara, mita mbili, nikakichana vipande nikiwa nimekaa kwenye mtumbwi, na mzee mvuvi aliyekuwa akinipigia kasia akanitazama tu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Kazi yangu ilikuwa kuwafuatilia kobe wa mtoni, wale wenye ganda laini, waliokuwa wakiadimika mwaka hadi mwaka. Jike mmoja tulimbandika redio ndogo mgongoni. Nikiinua antena, mlio wake unanionyesha alipo. Kiangazi kile alipanda ukingoni akataga kando ya shamba la mpunga la mama mmoja mjane. Mayai mengine hatukuyaona msimu mzima.

Mzee alichomeka kijiti pale, akakifunga fundo la nyasi. "Hapa kwetu hili linatosha," akasema. "Mtu akiliona anajua pana mwenyewe, anapita zake."

"Babu, fundo la nyasi nitalionaje toka ng'ambo?" Nikalifungua, nikafunga kitambaa changu. Msomi bwana!

Wiki iliyofuata tulikuta shimo la kufika kiunoni. Mayai yamepasuka, siafu wamejaa. Nilipandwa na hasira, nikaenda kwa yule mama na maneno mabaya mdomoni, ila shikamoo ikayatangulia.

"Marahaba, mwanangu." Jembe lilikuwa mkononi, wala hakulificha. "Nimechimba mimi. Natafuta bikoni."

Jamani, bikoni! Lile jiwe la saruji ambalo wapimaji wa ardhi hulifukia mpakani. Majirani zake wa juu ya mto waliamka siku moja wakakuta vijiti vyenye vitambaa vyekundu, na kabla ya mavuno wakaambiwa mashamba si yao tena.

"Nikasema langu hapana," akaniambia. "Nikiling'oa jiwe lao, watapimia wapi? Nikakuta mayai. Nisamehe, sikujua."

Ningenyamaza hapo, ningekuwa na akili. Lakini mimi nikaomba mkutano wa kijiji. Nikasimama mbele ya watu wazima nikawaambia kwamba kitambaa chekundu pale ukingoni ni cha kobe, wasikiguse kamwe.

"Una hakika, mwanangu?" mama yule akauliza.

"Haki ya Mungu, mama."

Wakanipigia makofi. Mzee wangu hakupiga. Alikuwa anachezea ukosi wa shati lake, anaangalia chini.

Masika yakapita, tukarudi. Mlio wa jike letu ukasikika karibu na ukingo uleule, moyo ukanidunda kwa furaha. Kisha mtumbwi ukakata kona. Vijiti vilianzia majini vikapanda ukingo, vitambaa vyekundu vipya, vimenyooka mstari mmoja hadi katikati ya mpunga. Sikuwa nimefunga hata kimoja.

"Babu, hivi ni vya nani?"

"Walipita watu na kamba ndefu," mzee akasema polepole. "Wana karatasi."

Mama alikuwa shambani anapalilia, anazunguka kila kijiti kwa uangalifu, jembe lisije likakigusa. Aliponiona aliinua mkono, uso wote umechangamka.

"Karibu mwanangu! Kobe wako mwaka huu ni wengi," akaniita. "Na sijagusa hata kimoja."