Nilichora Bustani ya Msitu, Nikamponza Mama wa Watu

Jamani, kosa ni langu. Sizunguki. Nimelinyamazia miaka na miaka, na wengi waliokuwapo wametangulia mbele ya haki, lakini leo nalitapika.

Mimi ni fundi seremala hapa Tukuyu. Babu alikuja na randa yake kutoka pwani, baba akairithi, nami nikairithi. Najua kuchora kabati, kitanda na jeneza. Basi!

Enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa milango, kila mtu aligeuka mtaalamu. Muuza mitumba alijiita mfanyabiashara wa kimataifa, mwenye mashine ya kusaga akawa mwekezaji. Kijiji kimoja huko Masukulu kikapata mfadhili wa kutengeneza bustani ya msitu, watu wapumzike na watoto wajifunze miti. Mwenyekiti wa kijiji akanifuata: "Fundi, si wewe unachora?"

"Bustani? Ndiyo fani yangu hasa!" Ee Mola, nisamehe.

Nikanunua koti la mtumba, nikachomeka kalamu mfukoni, nikaenda kupima. Mchoro wenyewe niliuiba kwenye picha ya kalenda ya Ulaya iliyotundikwa dukani kwa jirani: njia moja pana, imenyooka kama rula, kutoka getini hadi kwenye mabenchi. Pale pichani palikuwa tambarare. Sisi tuko mlimani. Wala sikuliona!

Siku zote za kupima nilikula kwa Mama Anyosisye, mjane aliyelima migomba chini ya msitu ule, kando ya chemchemi. Ndizi za kupika, maharage, maziwa ya mgando. Siku moja akasimama kuvitazama vigingi vyangu.

"Mwanangu, njia hii inateremka moja kwa moja?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo ya kisasa."

"Sisi huwa tunaipindapinda. Mvua ya huku ikipata njia iliyonyooka, inaiwahi kabla ya watu. Na hiyo miti unayotaka kukata ndiyo imeshika udongo."

Nikacheka! "Mama, haya ni mambo ya kitaalamu." Tukaikata.

Siku ya ufunguzi mvua ilianguka mgeni rasmi akiwa bado anasifu mandhari. Aliianza ile njia amesimama, akafika chini amekaa! Kwaya ikaendelea kuimba. Siku ile tulicheka. Mvua haikukatika wiki nzima, njia ikawa korongo, na tope likafukia chemchemi pamoja na nusu ya migomba ya Mama Anyosisye.

Kikao kikaitwa. Mfadhili naye akaja na daftari lake. Mwenyekiti akaniuliza mbele ya wote: "Mtaalamu, kosa ni la nani?"

Hapo ndipo nilipouza utu wangu. Nikasimama na koti langu, nikasema, "Tatizo ni kilimo. Huyu mama anachimbua udongo kule chini, ndiyo maana huku juu unalegea. Kitaalamu tunaita mmomonyoko."

Shamba lilikuwa chini, jamani! Tope lilitoka juu! Mtoto wa darasa la pili angenibishia. Lakini nilishasema "mmomonyoko", na kikao kizima kikatikisa kichwa kukubali, kwa heshima.

Mama Anyosisye alisimama, akanitazama. "Ndaga, Fundi," akasema. Yaani ahsante, kwa Kinyakyusa. Akakaa.

Wakamnyang'anya shamba, eti hifadhi. Akahamia kwa mwanawe Isongole, kwenye baridi na viazi, yeye aliyezeekea migombani. Mimi nikapewa barua ya pongezi.

Mke wangu, mzaliwa wa kijiji kilekile, hakunifokea. Aliacha tu kuniita Baba Zuhura, akaanza kuniita "mtaalamu". "Mtaalamu, chai." Ningepigwa ningepona!

Miaka ikapita ndipo nikathubutu kwenda Isongole. Nilimkuta macho yameshapotea. Aliisikia sauti yangu, akauliza, "Umekuja kupima nini tena?"

Nikapiga magoti, nikalia. Akasema, "Mimi nilishakusamehe. Nenda kawaambie wale wa kikao."

Sikwenda! Niliona aibu. Nikasema kesho, nikasema baada ya mavuno, mpaka akafa huku kijiji kikiamini jembe lake ndilo lililoua chemchemi.

Wewe unayesoma, kutojua kazi si dhambi. Lakini siku ukiulizwa kosa ni la nani, na jibu ni "langu", litamke papo hapo, wenye kikao wangali wamekaa. Ukiwaacha watawanyike, utaishia kama mimi, unaungama kwa watu ambao hawakumjua hata jina.