Kahawa ya Mama Mkwe na Magonjwa ya Tumbo

Nilikwisha kuacha mashamba ya chai ya Kericho, nikaacha gati la Kisumu, nikaacha na duka mjini Kisii nilikokuwa nikipima chumvi, ndipo nikampata mzungu wa mimea. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Yeye alitafuta mtu wa kumtafsiria Ekegusii, lugha ya kwetu. Mimi nilitafuta sababu ya kutembea. Kiswahili nilikuwa nimekiokota njiani, maana shule niliiacha kabla haijanizoea.

Alichunguza magonjwa ya mazao na kukusanya miti ya dawa. Asubuhi tuliinamia mimea ya wimbi iliyonyauka. Mchana tulibana majani katikati ya magazeti makuukuu, ubao juu, jiwe juu ya ubao. Siku aliponionyesha kuvu kwa kioo chake cha kukuzia, sikukirudisha mpaka chakula kikapoa.

Basi akaniambia tunapanda vilima vya Manga, kwa mjane mmoja mjuzi wa dawa ambaye kahawa yake inaugua. Alipotaja kijiji, nikajua ni nani. Mjane huyo alikuwa mama mkwe wangu.

Kwetu Abagusii, baina ya mtu na mama mkwe wake kuna chinsoni, heshima iliyojaa haya. Humkazii macho, humpi mkono, na mambo ya mwili hayatajwi mkiwa pamoja. Nilimweleza bwana mzungu.

"Si kitu," akasema. "Utatazama pembeni."

Tulimkuta amesimama mbele ya kahawa yake kama askari wa zamu. Bwana shamba wa serikali alikuwa ameifunga mibuni yote kamba za mkonge, alama ya kung'olewa na kuchomwa, isije ikaambukiza ya majirani. Lililobaki ni neno la mtaalamu. Na mama alikuwa akingoja mavuno yale yale aondoe paa la nyasi linalovuja, aezeke bati.

"Aanze na kahawa," akasema, akiuambia mgomba ili asiniambie mimi.

"Umande ukauke kwanza," bwana akajibu. "Tuanze na dawa."

Akanyanyua jani la kwanza kati ya dawa za mama. Linatibu nini? Nikaliuliza zizi la ng'ombe swali hilo.

"Tumbo," mama akasema.

La pili?

"Tumbo."

Kwa la tatu akakohoa kidogo. "Tumbo. La chini."

Bwana akanigeukia. "Watu wa huku hawaumwi kichwa?"

Nikatafsiri. Mama akauambia mgomba, "Mwambie changu kinauma sasa hivi, na dawa yake ni kuachiwa kahawa yangu."

Jirani mmoja, mwanamke wa sauti kubwa aliyekuwa akipalilia ng'ambo ya ua, alishindwa kuvumilia. "Ninyi wawili mtamwua huyo mgeni kwa haya zenu! La kwanza ni la kuhara, la pili minyoo, la tatu la mwanamke ambaye mimba haikai. Wewe mkwe, ziba masikio!"

Nilikuwa nimekwisha kukimbilia migombani. Jirani akaendelea kueleza kwa Kiswahili chake cha sokoni, na nakiri niliyasikia yote.

Jua lilipowaka, tukaingia kwenye kahawa. Bwana akashika jani jeusi, akalisugua kwa kidole gumba. Weusi ukatoka kama masizi ya chungu, chini yake jani likabaki kijani. Akasema kuna vidudu vinavyotoa maji matamu, na weusi ule huota juu ya utamu wao, hauui mbuni. Nikaanza kutabasamu. Kisha akafika kwenye tunda lenye doa jeusi lililodidimia. Akalisugua. Halikutoka. Akalipasua, akaliweka chini ya kioo, akachuma la pili.

Mama mkwe akanitazama usoni. Hakuwahi kunitazama hivyo tangu nioe. "Mkwe wangu, amesema nini?"

"Bado, mama," nikasema, nami nikimtazama. Macho yake yalikuwa kama ya mke wangu. Sikuwa nikilijua hilo.

Bwana alikagua mbuni mmoja baada ya mwingine. Mwishowe akasema ugonjwa upo kweli, lakini umegusa matawi machache ya upande wa chini. Using'olewe hata mbuni mmoja. Matunda yenye doa yachumwe yote leo, yafukiwe shimo refu, na matawi yaliyosongamana yapunguzwe upepo upite. Bwana shamba ataelezwa na yeye mwenyewe.

Nilipomaliza kutafsiri, mama alijifunika uso kwa leso, akakumbuka mgomba, akaugeukia. Kisha akachukua kisu, akaanza kukata kamba za mkonge. Jirani akapiga kelele kuwaita wenzake. Wanawake wakaja na vikapu, nami nikapewa jembe la kuchimba shimo.

Bwana akavua kofia, akajiunga nao. Mama alimwangalia kwa muda.

"Mwambie," akauagiza mgomba, "anachuma kama mtu anayekamua ng'ombe wa wizi. Ataniangushia na yaliyo mazima."

Nikamwambia vilevile. Bwana akacheka, akapunguza mwendo.