Kishikio cha Rima na Kahawa Iliyokwenda na Mfongo

Aibu hii sina pa kuificha, maana nusu ya Kibosho waliiona kwa macho yao na nusu nyingine wamesimuliwa na baba yangu mwenyewe, kwa hiyo bora mnisikie mimi kabla hamjaongezewa chumvi.

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma, nina karakana ndogo pale Pasua mjini, na mashine yangu ni kuukuu, sehemu yake ya mbele na ya nyuma haziangaliani sawasawa (kama watu walionuniana). Kwa hiyo ukitoboa tundu halafu ukaingiza rima, ile keekee ya kumalizia inayolifikisha tundu kwenye kipimo chake kamili, rima inasukumwa upande na tundu linatoka pana. Ndiyo maana nilijitengenezea kishikio cha rima kutoka kwenye kipande cha ekseli ya lori, ambacho kichwa chake kinacheza kidogo, makusudi kabisa, ili rima ilifuate tundu yenyewe bila kulazimishwa. Nilikihangaikia wiki tatu. Nilipokijaribu kwenye chuma chakavu, tundu lilitoka safi hata nikalibusu (ndiyo, nililibusu, chekeni tu).

Kazi yake ya kwanza ikawa bushi mbili za shaba, yaani pete zinazoshika mhimili, za mashine ya baba ya kumenya kahawa, kwa sababu zile za zamani zilikuwa zimelika. Kahawa mbivu ukishaichuma lazima uimenye siku ileile, ikilala inaanza kuchacha, na baba alikuwa ameshatangaza baada ya misa kwamba Jumamosi majirani walete kahawa zao kwake, mashine itakuwa imetengenezwa na binti yake, siyo fundi wa kuazima.

Jumamosi asubuhi nimeshafunga kishikio, akaingia Shija, jirani yangu anayechomelea mageti, na wateja wake wawili. Akakigusa, kikatikisika.

"Dada Rozi, mbona hiki kidude kinacheza kama jino la mtoto? Ulikosea vipimo nini?"

Wateja wakacheka. Sasa mimi, mtu mzima na akili zangu, badala ya kumweleza nikaona haya (fundi gani kitu chake kinacheza?), nikatoboa kishikio ubavuni, nikatia skrubu, nikakaza mpaka kikatulia tuli, nikamwambia, "Haya, kitikise sasa." Yaani nilikaza kitu nilichokihangaikia wiki tatu ili kilegee! Bushi nikazitengeneza hivyohivyo, na kwa kiburi cha lile tundu nililolibusu sikupima, nikazifunga kwenye kanga nikapanda Kibosho.

Kihambani kwetu, yaani kwenye shamba la nyumbani, nikakuta watu kama wa arusi, kila mmoja na ndoo yake ya kahawa, na baba amevaa koti la kanisani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, fundi!" akaitikia kwa sauti ili wote wasikie, na moyo wangu ukajaa.

Nikafunga bushi, nikapitisha mhimili wa mashine, ukapwaya. Nilijua palepale kosa liko wapi. Lakini watu wote wale wananitazama, basi nikasema, "Utakaa sawa ukishazunguka," uongo mtupu, nikashika mpini nikazungusha kwa nguvu zangu zote, mtambo ukayumba, kahawa zikatoka zimepondeka, meza ikaanza kutembea na mimi natembea nayo huku nazungusha (kuacha naona aibu), mpaka ikagonga debe la mama Flora, jirani yetu, likapinduka na kahawa yake yote ikaporomokea kwenye mfongo, ule mfereji wetu unaoshusha maji mashambani. Maji yakaichukua. Watu wazima tukakimbia kando ya mfongo na vikapu na kanga, na huko chini bibi mmoja anapiga kelele, "Jamani, hii kahawa ni ya nani?"

"Ya fundi!" akajibu mama Flora.

Tuliokoa nyingi, siyo yote. Nilirudi nimelowa hadi magotini, nikamwambia baba ukweli wote, skrubu na kila kitu, nikalia. Hakunikaripia. Alijitwika debe la mama Flora akatuongoza kupanda kwa mzee Aloisi, ambaye ana mashine nzima lakini yeye na baba hawajasalimiana tangu ugomvi wa mpaka wa shamba. Mlangoni baba akavua kofia.

"Aloisi, binti yangu ni fundi, ila leo amekosea. Tunaomba mashine yako."

Mzee Aloisi akanitazama nilivyolowa, akacheka mpaka akashikilia mlango, akatukaribisha. Tukamenya kahawa zote kabla jua halijazama. Mpini nilizungusha mimi, viganja vikachubuka, na sikumwachia mtu zamu.

Tangu siku hiyo nimeapa, kitu nilichokitengeneza kicheze nitakiacha kicheze, acheke anayecheka, na hakuna bushi itakayotoka Pasua bila kupimwa. Wakati tunarudi nyumbani nilimwambia baba kwamba Jumamosi inayofuata nitaleta bushi mpya, ila safari hii naomba tuwe wawili tu, mimi na yeye.

"Haiwezekani," akasema. "Nimeshawaambia waje wote. Na Aloisi naye anakuja."