Furushi Nyuma ya Mlango

Wanawake wenzangu hapa Walikale huniuliza kama inafaa kumweka mtu wa kusafisha nyumba. Anayeuliza huwa ni mwalimu kama mimi, au muuguzi, amechoka, ana watoto, na mume wake yuko mbali mgodini. Wanadhani nitawaeleza habari za usafi, au wizi, au namna ya kumpata mtu mwenye adabu. Mimi huwaambia: ukimweka, msikilize. Kisha nabadilisha mazungumzo, maana nikiendelea nitalia, na sipendi kulia mbele ya watu.

Tulikuwa tunakaa Mushaki, katika nyumba ya mbao yenye sakafu ya saruji, hatua chache kutoka barabara ya kwenda Masisi. Mume wangu ni fundi wa umeme. Alifanya kazi kule msituni, kwenye mgodi wa Bisie, akirudi nyumbani kila baada ya miezi miwili na mfuko wa nguo chafu. Mimi nilifundisha sekondari. Tulikuwa na binti wa miaka kumi na kitinda mimba wa miaka minne, mvulana mwenye maneno mengi kuliko shangazi zake wote. Mtoto huyo alikuwa na kifafa.

Alipewa vidonge vidogo vyeupe, asubuhi kimoja na jioni kimoja. Muuguzi aliyetupa alinishika mkono akasema nisikose hata siku moja, kwa sababu dawa hii ikikatika ghafla, ugonjwa hurudi kwa hasira kuliko mwanzo. Sikukosa. Kwa mwaka mzima mtoto hakuanguka, na mimi nilijivuna kama mtu aliyejenga daraja.

Kabla ya dawa nilikuwa nimepata wasichana wawili wa kazi, mmoja baada ya mwingine. Wote walimwona akianguka, wote wakakimbia, maana kwetu watu huamini kwamba ukiguswa na povu la mgonjwa wa kifafa, nawe utaanguka. Wa pili hakurudi hata kuchukua viatu vyake. Ndipo padri akaniletea mama mmoja aliyekuwa akiishi kwenye kambi ya waliokimbia vita, mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi, mwembamba, asiyependa maneno. Nikamweleza ugonjwa wa mtoto bila kuficha kitu, nikingoja aondoke. Alisema tu, "Nilishikaka mutoto wa dada yangu na ile ugonjwa. Povu haiko kitu. Ni mate."

Nikampa ufagio siku hiyo hiyo.

Alisafisha vizuri sana, lakini kwa namna yake. Hakufua nguo zote siku moja. Kila mtoto alibakiwa na vazi moja kavu. Hakuloweka maharage kabla ya kwenda kusimama kando ya barabara na kuitazama, juu na chini, kama anayesoma barua. Na kabla ya kufagia alitandika kitenge sakafuni, akaweka nguo za watoto, sabuni, sufuria moja, chumvi, vyeti vyao vya kuzaliwa, akafunga, akaliweka furushi nyuma ya mlango. Ndipo alipoinua ufagio. Jioni, mimi nikiwa nimerudi, alilifungua na kurudisha kila kitu mahali pake. Asubuhi alianza upya.

Nilimuuliza siku moja, "Mama, juu ya nini unafunga vitu kila siku? Nani anahama?"

Akajibu bila kuacha kufagia. "Mara ya kwanza tulikimbia, sikufungaka kitu. Nilifika Sake na kifuniko cha sufuria mu mukono. Sufuria yenyewe ilibakia ku moto."

Nilicheka. Na yeye alicheka kidogo. Nilimsimulia mume wangu kwenye simu, nikasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mume wangu hakucheka. Alisema, "Mwache afunge." Lakini mume wangu hakuwa akiishi na furushi lile. Mimi ndiye niliyelipita kila asubuhi nikienda kazini, na lilinikaa kooni. Nilikuwa nimenunua viti vya kitambaa. Nilikuwa nimepanda maua mbele ya nyumba. Nilitaka nyumba ya mtu aliyetulia, na kila siku nyuma ya mlango wangu kulikuwa na kitu kinachoniambia kwamba sijatulia.

Kisha likaja jambo la wageni. Jumapili moja, baada ya misa, wenzangu wawili wa shuleni walipita kunisalimu. Mama wa kazi alikuja hata Jumapili, nami sikuwa nimemkataza. Mmoja wa wageni alifunga mlango ili kuzuia upepo, akaliona furushi. Walikunywa chai, wakaaga mapema. Kesho yake nusu ya darasa langu haikuja. Jumanne, wachache zaidi. Huko kwetu watu hawangoji redio. Wanatazama mwalimu, wanatazama muuguzi, wanatazama wachungaji wa ng'ombe; mwenye kujua akifunga mizigo, nao hufunga. Kijiji kizima kilikuwa kimeambiana kwamba mama mwalimu ana mume Bisie, kwamba lazima ameambiwa jambo, na kwamba vitu vyake viko mlangoni. Jirani yangu alikuwa ameuza kuku wake wote.

Prefe, yaani mkuu wa shule, aliniita ofisini mwake kama mwanafunzi. Alisema, "Mama, unataka kufunga shule yangu?" Niliapa kwamba sina habari yoyote. Nilitoka pale uso ukiwaka.

Nilifika nyumbani kabla ya saa yangu ya kawaida. Sikumsalimu. Nililivuta furushi hadi katikati ya sebule, nikalifungua kwa nguvu, vitu vikatawanyika. Na pale, ndani ya soksi ya mwanangu, nikaona chupa ya vidonge vyake.

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata haki. Dawa ya mtoto, ambayo hata saa moja haikupaswa kupotea, ilikuwa inazungushwa ndani ya nguo na sabuni! Je, kama ingeanguka? Je, kama mtoto angeifungua akidhani ni peremende? Nilisema mengi. Nilipaza sauti hadi binti yangu akatoka nje. Na nikasema hili, ambalo nalikumbuka neno kwa neno: "Nyumba yangu haiko kambi! Sikia vizuri. Usifunge tena kitu humu ndani. Na dawa ya mtoto usiiguse tena."

Alipiga magoti akaanza kuokota vitu. "Sawa, mama mwalimu," alisema.

Siku hiyo niliitia dawa kwenye kabati, nikafunga, nikautia ufunguo kwenye uzi na kuuvaa shingoni. Toka hapo nilimpa mtoto dawa mimi mwenyewe, asubuhi kabla ya kutoka na jioni nikirudi. Furushi halikuonekana tena. Watoto walirudi darasani. Jirani alinunua kuku wengine. Nilijiona nimeshinda, ingawa mama wa kazi aliendelea kuitazama barabara kabla ya kuloweka maharage. Hilo sikumkataza, nadhani kwa sababu sikuweza kupata sababu.

Wiki kadhaa zilipita. Barabara ikaanza kubadilika, nami nikajifanya sioni. Malori ya makaa yalipungua. Pikipiki zikawa zinatoka upande wa Sake zikiwa zimejaa, na kurudi tupu. Kanisani tulisali sala ndefu kuliko kawaida. Mume wangu alipiga simu kila siku, akiniuliza habari za hali ya hewa.

Asubuhi ile ilikuwa siku ya mtihani. Nilimpa mtoto kidonge chake, naye akaniambia atakapokuwa mkubwa atakuwa dereva wa ng'ombe. Nilicheka, nikamwambia ng'ombe hawana dereva. Ndilo neno la mwisho refu aliloniambia.

Mama wa kazi alikuwa amesimama barabarani. Bakuli la maharage lilikuwa kavu. Alinifuata hadi kwenye maua yangu.

"Mama mwalimu, leo ng'ombe zimepita mapema. Hawakuzikamua. Matiti yake ilikuwa imejaa."

"Wachungaji wana mambo yao," nilisema.

"Leo uniachie ufunguo."

Alisema kwa sauti ya chini, akitazama chini. Hakuwa ameniomba kitu chochote tangu nilipompa kazi. Nilikuwa nimechelewa. Nilimkumbuka prefe na maneno yake ofisini. Nikafikiri: nikimpa ufunguo leo, kesho furushi litarudi, na keshokutwa kijiji kitahama kwa sababu yangu. "Nitarudi saa sita," nilimwambia. "Dawa ya asubuhi ameshakunywa. Ya jioni nitampa mimi." Alinitazama usoni mara moja, kisha akarudi ndani.

Saa nne ilikuwa haijafika tuliposikia mlio wa kwanza wa bomu upande wa Sake, kisha wa pili, karibu zaidi, hadi vioo vya madirisha vikatetemeka. Wanafunzi hawakungoja ruhusa. Nilikimbia nyumbani nikipambana na watu waliokuwa wakienda kinyume na mimi, wamebeba magodoro, mbuzi, mashine za kushona. Nilifika. Mlango ulikuwa wazi. Sakafu ilikuwa imefagiliwa, ufagio umesimamishwa ukutani. Hapakuwa na mtu. Vyeti vya watoto na nguo zao vilikuwa mahali pake, havijafungwa, kama nilivyoagiza.

Nilifungua kabati, nikatoa dawa, nikatoka. Dawa ilikuwa mkononi mwangu, na mtoto hakuwepo.

Watu walikuwa wakielekea pande mbili. Jirani wa kuku aliniambia amemwona mama wa kazi akishika njia ya Masisi, mvulana mgongoni, binti akishikwa mkono. Nilifuata njia hiyo. Nililala Masisi. Niliuliza Nyabiondo. Watu ni wengi, kila mtu anatafuta wake, na ukisema "mama mmoja mwembamba mwenye watoto wawili", wanakuonyesha mia. Kila jioni ilipofika saa ya dawa nilisimama kando ya njia nikaishika ile chupa. Sikuweza kutembea saa hiyo. Nilisema sala, nikatukana, nikasema sala tena. Nilijitukana mimi. Siku ya pili niliwaza huenda amebaki salama. Siku ya tatu sikuwaza tena, kwa sababu nilijua muuguzi aliniambia nini.

Niliwapata siku ya sita, Mpofi. Binti yangu ndiye aliyeniona kwanza, akanijia mbio, amevaa nguo ile ile. Mama wa kazi alikuwa akifagia ua wa familia iliyowapokea. Ndivyo alivyolipia chakula chao. Aliweka ufagio chini taratibu, akanionyesha mlango wa jiko.

Mwanangu alikuwa amelala juu ya mkeka, kitambaa cha maji kipajini. Siku ya tatu alianza kuanguka, binti yangu alinieleza. Siku ya nne hakuacha, tangu asubuhi hadi jua lilipokuwa juu. Mama wa kazi alimshika muda wote huo, katikati ya barabara, huku watu wakiwazunguka kwa mbali kwa kuogopa povu. Hakumwachia hata mara moja. Nilipiga magoti nikamwita mtoto jina lake. Alifungua macho akanitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba.

Nilitoka nje. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na mtu wa kuipa isipokuwa yeye. Nikamwambia, "Kabati lile ni mbao tu! Ungechukua kuni, ungelivunja. Kwa nini hukulivunja?"

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika. Alinitazama kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua.

"Mu kambi njo bantu banavunjaka, mama mwalimu. Ulisemaka kwako haiko kambi."

Nilimpigia mume wangu simu, naye alikuja kutoka Bisie siku iliyofuata, akatuchukua hadi hapa Walikale, ambako tunakodi vyumba viwili. Dawa tumeipata tena, na mtoto haanguki sana. Ana miaka sita sasa. Mkono wake wa kulia hauwezi kushika kitu. Maneno yake hayajarudi. Anasema "maji", anasema "hapana", na jina la dada yake nusu. Mimi hajaniita.

Mama wa kazi bado yuko nasi. Sikumwomba abaki na yeye hakuomba. Asubuhi ya kwanza tuliamka tukamkuta akitafuta ufagio. Kila siku anafunga furushi, na mimi ndiye ninayempa dawa aitie ndani ya soksi. Maharage hatuyaloweki kabla hajatoka kuitazama barabara. Juzi amerudi akasema barabara iko sawa, lakini pikipiki ni chache. Nimetandika kitenge kingine.

Ufunguo bado ninao shingoni. Sijui ni nani aliyelifungua lile kabati baada yangu, au kama nyumba bado ipo. Mwanangu anapokaa mapajani mwangu huushika kwa mkono wa kushoto, hautikisi wala hauvuti, anaushika tu, na mimi namwachia mpaka atakapochoka.