Nusu Ampuli

Nilikosea mapema, katika mwaka wa kwanza wa kumpeleka kaka yangu kuchomwa sindano. Kadi yake ya kliniki ilikuwa imechakaa, ina doa la mawese katikati na kona moja imelowa mvua, nami nikainakili upya kwenye daftari safi. Nilidhani ninamsaidia. Watu wa Gitega wanaonijua husema nilimtunza kaka yangu vizuri, na kila wakisema hivyo sijui nitazame wapi. Ndiyo sababu naandika.

Tulizaliwa Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, tukasoma shule za kule. Amani iliporudi Burundi tukarudi nayo, wawili tu, kwa kuwa wazazi tulikuwa tumeshawazika. Shamba la baba huko Mutaho tulilikuta mikononi mwa ndugu ambao hawakukimbia. Walitukatia kipande cha kupanda mihogo, hatukugombana. Tukapanga vyumba viwili mtaa wa Yoba, mjini Gitega, na mimi nikapata kazi kwenye duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi. Kompyuta nilijifunza mwenyewe kwa kuangalia vidole vya watu. Kifaransa nilikuwa najifunza kwa kamusi isiyo na jalada, kwa sababu huku bila Kifaransa hata fomu ya kuomba maji huwezi kuijaza.

Kule Tanzania kaka yangu alikuwa mtangazaji wa mpira. Hakuwa wa redio. Alitangaza kilichokuwepo mbele yake: mama akisonga ugali, mimi nikikimbizwa na bata. "Anaingia eneo la hatari, anaangalia kushoto, mwiko uko mkononi!" Mama alikuwa akicheka mpaka anaweka mwiko chini. Miezi michache baada ya kurudi akaanza kusikia watu wanamsema. Walimsema kwa Kirundi kizito, Kirundi cha wazee, ambacho sisi wawili hatukukijua vizuri, kwa hiyo mwanzoni nilimwamini. Nilitoka nje kuwatafuta. Nilizunguka nyumba mara mbili, nikarudi kumwambia hakuna mtu, akanitazama kama mimi ndiye niliyewaficha.

Vidonge vilimsaidia, lakini alivisahau, au alivificha chini ya godoro. Muuguzi wa kliniki, mama mmoja mpole mwenye sauti ya chini, akamweleza habari ya sindano inayokaa mwilini wiki nyingi. Alimwuliza yeye, hakuniuliza mimi. Kwanza alimpa vidonge vya dawa hiyohiyo siku kadhaa aone kama mwili unaikubali.

"Hii dawa iko ndani ya mafuta," alimwambia. "Inakaa kwenye nyama, inatoka polepole. Ni nzuri kwa mtu anayesahau. Lakini ikishaingia, mi siwezi kuitoa. Ndiyo maana tunaanza na vidonge. Unakubali?"

"Nakubali," kaka akasema. "Ila usinichome mbele ya huyu, atahesabu."

Muuguzi akacheka. Nilikuwa kweli nahesabu. Nilihesabu siku kati ya sindano na sindano, nikaandika ni tako lipi limechomwa, la kulia au la kushoto, kwa sababu tuliambiwa wanabadilisha. Tuliambiwa pia tusipasugue baada ya sindano, na kwamba siku mwili ukikakamaa pamoja na homa kali tusingoje kesho, tukimbie hospitali. Niliyaandika yote kwa kalamu mbili, ya bluu na nyekundu.

Jirani yetu alikuwa mama Mkongo kutoka Kivu ya Kusini, anauza vitenge sokoni. Kila siku ya kliniki aliniita juu ya ukuta: "Petit, yaya wako alishapigwa shindano?" Kwao kaka ni yaya, na sindano ni shindano. Kwetu tuliosoma Tanzania, shindano ni mashindano, na mwanzoni nilimsahihisha, naona aibu kusema. Kaka hakumsahihisha. Alimjibu, "Nimepigwa, mama. Moja kwa bila." Ndiyo ilikuwa mara pekee katika miezi ile nilipomsikia mtangazaji ndani yake, na ilikuwa sentensi moja tu. Sauti za watu zilikuwa zimenyamaza. Yeye pia alikuwa amenyamaza. Nilimkumbuka ingawa alikuwa karibu nami, mezani, anakula.

Baada ya miezi kadhaa akaanza kukakamaa. Mkono mmoja haukubembea akitembea, kijiko kikatetemeka, mchuzi ukamwagika. Siku ya sindano sikwenda naye, nilikuwa na barua za watu. Jioni alikuja dukani akasimama mlangoni.

"Leo amenipa nusu," akasema. "Kwa sababu ya huku kutetemeka."

Nilikuwa natafuta kosa katika barua ya mtu. Nikaitika "eeh". Sikusikia. Yaani nilisikia sauti yake, nikafurahi kwamba ameongea, basi.

Siku chache baadaye nikainakili kadi. Nilijaribu fotokopi kwanza, lakini fotokopi ilitoa na doa. Kwa hiyo nilipiga mistari kwa rula, nikaweka safu tatu: tarehe, dozi, upande. Kwenye safu ya dozi muuguzi alikuwa ameandika "ampuli 1", yaani kichupa kizima cha dawa, juu kabisa, kisha vile vialama viwili vya kuonyesha kwamba ni kama hapo juu. Sivipendi vile vialama. Niliandika "ampuli 1" kwa ukamilifu kila mstari, mpaka wa mwisho. Pembeni ya mstari wa mwisho, nje ya safu, kulikuwa na maneno mawili. La kwanza lilikuwa limezama kwenye mawese, sikuweza kulisoma. La pili lilikuwa *mi-dose*.

Huku kwetu mtu akitaka kusema "mimi" husema "mi". Mi nakwenda, mi sijui. Nilitazama *mi-dose* nikaona muuguzi ameandika kwamba dozi ile ameitoa yeye mwenyewe, kama sahihi. Sikufungua kamusi. Mimi ninayefungua kamusi kwa neno la tangazo la sabuni, siku ile sikuifungua, kwa sababu neno lilikuwa nje ya mstari na ukurasa wangu ulikuwa unapendeza. Nikaliacha. Kadi ya zamani nikaitia kwenye boksi chini ya kitanda.

Wakati wa kuvuna maharagwe tulikwenda Muyinga kwa shangazi. Kaka ndiye aliyetaka. Muyinga malori ya Tanzania hupita, na madereva hushuka kunywa chai. Alisema anataka kusikia watu wakiongea Kiswahili cha shule yetu. Nilimwelewa kabisa. Tarehe ya sindano ikatukuta huko, tukaenda kituo cha afya, mimi na daftari langu chini ya kwapa.

Muuguzi wa kule alikuwa kijana kama mimi. Alimwuliza kaka, "Unapata kiasi gani, ampuli nzima?"

"Nusu," kaka akasema. "Muuguzi wa Gitega ananipa nusu."

"Kaka, hukumbuki vizuri," nikasema, nikafungua daftari.

Muuguzi akasoma, akageuza ukurasa, akarudi nyuma. "Kama wote wangeandika hivi," akasema.

Nilifurahi. Nakumbuka furaha hiyo kuliko ninavyopenda kuikumbuka. Kaka alilala, akachomwa upande wa kushoto, kama daftari lilivyoelekeza.

Siku ya tatu, asubuhi, shingo yake ilivutwa upande mmoja kama mtu anayechungulia dirishani, na taya likakaza. Mate yalimtoka. Shangazi aliweka jembe chini akaanza kuomba. Nilimgusa paji la uso: hakuwa na homa. Hata hivyo tulimpakia kwenye baiskeli, mimi nikaishika, shangazi akamshika yeye, tukarudi kituoni.

Muuguzi alimpa dawa ya kulegeza misuli, na baada ya muda shingo ikaanza kurudi. Kisha akapiga simu Gitega. Nilimsikia akisoma daftari langu, "ampuli moja, ampuli moja", halafu akasikiliza kwa muda mrefu. Alipokata simu hakunikaripia.

"Anasema pembeni ya kadi aliandika *mi-dose*. Ni nusu dozi," akasema. "Na neno la kabla yake ni kukakamaa."

"Basi itoeni," nikasema.

"Iko kwenye nyama. Tutampa vidonge vya kumlegeza, tutamwangalia. Lazima ipungue yenyewe."

Shangazi alinitazama. "Wewe msomi," akasema, akarudi kumfuta kaka mate.

Kaka alisema kwa taya lililokaza, "Nilisema."

Tuliporudi Gitega tarehe iliyofuata ikafika, akakataa kwenda. Hakufanya fujo. Alikaa tu juu ya kitanda na viatu mkononi. Nilikwenda peke yangu kwa yule mama wa kliniki na kadi ya zamani, nikamweleza yote. Alisema na yeye alikosea, nusu haiandikwi pembeni, tangu sasa ataiandika kwenye safu na kwa maneno. Kisha nikamwuliza jambo ambalo bado linanichoma kifua: kama naweza kusaga vidonge nikamtilia kwenye chai.

"Hapana," akasema. "Siku akigundua, hatakunywa hata maji kwako. Mwache akasirike, ana haki. Mwambie mlango uko wazi. Na akija amechelewa, hatutafidia kwa kumpa mara mbili. Tutaangalia alipofikia, tuanzie hapo."

Nilirudi nikamwambia mlango uko wazi. Nikamwomba msamaha pia, kwa maneno niliyoyapanga tangu kliniki mpaka Yoba, lakini yalikuwa mengi mno, akaondoka katikati yake kwenda kuchota maji.

Wiki zikapita. Kukakamaa kukaisha, akatembea vizuri, mkono ukabembea tena. Nilitaka kuamini kwamba amepona. Halafu nikaona redio yetu imegeuziwa ukutani, kama vile nayo inamsema. Nikaigeuza. Kesho yake iko tena ukutani. Kila asubuhi niliamka nimeshika hofu moja: kwamba atarudi kule kwenye sauti, na njia ya kumtoa nimeiharibu mimi mwenyewe.

Jirani ndiye aliyemwuliza, juu ya ukuta, huku anaanika nguo.

"Yaya, mi naogopa. Ule watu ilianza tena kusema?"

"Kidogo," kaka akajibu.

"Bon. Unataka nikusindikize kwa shindano? Mi sijui kusoma, siwezi kukusumbua."

Kaka alicheka. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikakisikia kicheko hicho, nikabaki pale mpaka alipoingia kutafuta shati.

Nilikwenda nao, hatua kumi nyuma. Mlangoni kwa muuguzi kaka aligeuka akanionyesha benchi. "Huyu abaki nje," akasema. Nikabaki. Mlango ulikuwa haufungi vizuri, kwa hiyo nilisikia.

"Umekonda," muuguzi akasema. "Tukupime kilo kwanza, na presha." Baadaye: "Mara ya mwisho upande gani?"

"Kushoto. Muyinga."

"Na kiasi gani kinakufaa?"

"Nusu," kaka akasema.

"Ndiyo," muuguzi akasema. "Nusu. Na vidonge vya siku chache, mpaka sindano ishike."

Nililia pale kwenye benchi, mbele ya mama mmoja aliyekuwa na mtoto mwenye surua, naye akasogea kidogo kunipa nafasi. Tulipotoka kaka hakuniuliza nina nini. Walitangulia yeye na jirani, wanaongea juu ya bei ya vitenge, nami nikafuata.

Mwaka uliofuata alihamia Muyinga kwa shangazi. Anauza chai kando ya barabara, pale malori yanaposimama, na madereva wanamwita "mtani". Chumba chake hapa Yoba bado sijakipangisha. Jioni nikirudi kutoka dukani huwa nasikiliza kwanza kabla ya kufungua mlango, ingawa najua hakuna mtu. Namkumbuka yule wa Tanzania, na siku hizi namkumbuka hata yule wa hapa, aliyekaa mezani bila kusema.

Tangu sindano ile ya nusu hajakosa kliniki, na sauti hazijarudi. Anakwenda mwenyewe, anaongea mwenyewe na muuguzi. Mimi tarehe zake sizijui, huniambia akitaka.