Jiwe Linalomsimamisha Sifongo

Euphrasia wa Ngokolo alikunywa dawa za kifua kikuu mara mbili, na zote hazikumfaa kitu. Majirani walianza kumtengea kikombe chake. Mwaka jana daktari alitazama picha ya mapafu yake, akasema si kifua kikuu, ni vumbi la mawe, na halitoki.

Hakubisha. Miaka sita alitwanga jiwe jeupe la dhahabu kwa mchi wa chuma, machimboni karibu na Bulyanhulu, mwanawe Eunice akiwa mgongoni, baadaye akicheza kando yake. Dhahabu iliwafaa wengine, vumbi likabaki kwao. Faraja yake ilikuwa moja tu: kila jioni alimnywesha mtoto maziwa, maana machimboni kila mtu alijua kwamba maziwa huosha vumbi. Yeye alikunywa yaliyobaki, na mara nyingi hayakubaki.

Sasa Eunice ni mwalimu wa baiolojia. Jumamosi moja asubuhi alikaa sebuleni akijaribu somo la Jumatatu, mama yake ndiye darasa. Alichora sifongo wa baharini.

"Huyu ni mnyama, mayu, ingawa hatembei. Maji ya bahari yana madini ya silika yaliyoyeyuka. Silika ndiyo iliyomo kwenye lile jiwe jeupe. Seli zake huinyonya, kisha huigandisha juu ya uzi mwembamba wa protini, tabaka juu ya tabaka, mpaka inakuwa sindano ya kioo. Sindano hizo ndizo mifupa yake."

"Kwa hiyo jiwe linamsimamisha?"

"Linamsimamisha."

Euphrasia alicheka kwa uchungu mpaka pumzi ikamkatikia. Dude lisilo na kichwa linajua la kufanya na jiwe, yeye mwenye akili zake hakujua! Alilionea wivu, wivu wa kweli.

"Sisi lilituingia kavu," alisema. "Ila wewe maziwa yalikuosha."

Eunice aliinamia mchoro wake. "Maziwa huenda tumboni, mayu. Hayafiki..."

Kikohozi kilimkatiza. Kilikuwa kikavu, bila makohozi, na kilimwacha ameshika kifua. Euphrasia alikijua vizuri mno.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Sikutaka ujue."

Mchuma janga hula na wa kwao. Euphrasia aliinuka kwa kushika ukuta, akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha maziwa.

"Kunywa, mwanangu."

Mwalimu wa baiolojia alikipokea kwa mikono miwili, akanywa yote.